Mshauri wa ndoa: msianze na waliowasimamia harusi

Mleta uzi anasema mumewe amekubali waende kwa mshauri, sasa hajui amchague nani: wasimamizi wao wa ndoa, mchungaji, au mama mmoja wa kulipia. Dada, huyo kukubali tu umeshavuka mlima. Wengi wetu wanaume hukubali begi likiwa mlangoni. Ngoja nikueleze yaliyotukuta.

Sisi tulianza na wasimamizi. Mke wangu alikopa kikoba 1,800,000 bila kuniambia, nikajua siku akina mama wenzake walipokuja kudai, wamejaa sebuleni kwangu wanaangalia TV kimya. Msimamizi wetu ni rafiki yangu tangu sekondari. Akamwambia mke wangu aniombe radhi, akaomba, tukala pilau, nikarudi nyumbani kifua mbele. Wiki tatu zilizofuata kila nilichosema jibu lilikuwa "sawa". Na mwezi haukuisha habari ikawa imefika saluni anakosukia.

Mchungaji simlaumu, mtu mwema sana. Ila alinisikiliza mimi kwanza, peke yangu, halafu alipomwita mwenzangu jibu alishakuwa nalo.

Wa tatu alikuwa mama aliyesomea ustawi wa jamii, 30,000 kwa kikao, bei alitutajia kwenye simu kabla hatujaenda. Mkopo hakuugusa. Alitupa kila mmoja kikaratasi: andikeni mshahara wa baba kwa mwezi. Mke wangu akaandika 600,000. Mimi kalamu ikawa nzito, mwisho nikaandika 950,000. Akaviweka viwili mezani kwa pamoja, akanyamaza. Feni tu ndiyo iliyokuwa inalia. Kisha akauliza kwa upole, "Baba, hizi 350,000 zinakaa wapi?" Zilikuwa zinakwenda kijijini, kwenye nyumba ninayojenga. Miaka minne. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini mwenzangu alikimbilia kikoba.

Kwa hiyo mtafuteni asiye ndugu wala rafiki wa yeyote kati yenu, na kikao cha kwanza muwepo wote wawili. Akitoa hukumu siku hiyohiyo, msirudi. Muulizeni pia atafanyaje mmoja wenu akimpigia simu pembeni. Wetu alisema, "Utakachoniambia peke yako nitakisema mbele ya mwenzako." Nilichukia, lakini hapo ndipo nilipomwamini.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema mwende baraza. Hilo ni jambo jingine. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 101, kwa kawaida huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka baraza la usuluhishi la ndoa lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, na baadhi yao huenda ni majirani zenu. Kama hamjafika kwenye talaka, ya nini kumwaga mambo yenu huko?

Kama kuna kipigo, achana na ushauri wote huu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.

Na kama hela ya kulipia hamna, ulizieni afisa ustawi wa jamii hapo kata au halmashauri. Mwende asubuhi, mchana mara nyingi utaambiwa yuko mtaani.