Jibu: Mama hasikii ladha ya chakula tangu aanze mionzi

Salaam, ndugu. Umeuliza ufanyeje kwa mama yako anayepigwa mionzi ya koo, tiba ya saratani, huko hospitali ya Bugando, Mwanza, ambaye sasa anasema hata samaki wetu mgebuka ana ladha ya chuma na ugali haupiti. Kabla ya kubadili chakula, mmulike kinywani kwa tochi: utando mweupe unaweza kuwa fangasi, nao, sawa na vidonda, unahitaji dawa ya daktari, si upishi. Nilipomuuguza baba mdogo, mtu wa hapa Ujiji, katika tiba hiyo hiyo, kilichopita ni uji mwepesi wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini, parachichi lililopondwa, na mchuzi wa dagaa waliotwangwa wenye mawese kidogo, vyote vikiwa vuguvugu, kidogo kidogo mara nyingi, kwa kijiko cha plastiki. Pilipili na ndimu, ambazo sisi wa Kigoma hatuziachi, ziwekeni kando. Asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula. Ladha hurudi polepole, aghalabu wiki au miezi kadhaa baada ya mionzi kwisha. Akipaliwa kila anapomeza, au akishindwa hata maji, mwambieni daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa wapo wagonjwa wanaolishwa kwa muda kwa mpira mwembamba unaopeleka chakula tumboni.