Ada tumeshalipa, sasa huu mchango wa familia ni wa nini?

Hilo ndilo swali nililolisikia mara nyingi kuliko jingine lolote katika vikao vya wazazi. Watoto wangu wamesoma sekondari ya Kikatoliki, nami nimekaa kwenye kamati ya fedha ya wazazi muda wa kutosha kuyaona mahesabu yenyewe. Anayeuliza hivyo si bahili. Kalipa ada, kanunua sare na vitabu, halafu inakuja barua nyingine inayomwomba atoe "kadiri atakavyojaliwa". Ana haki ya kujibiwa kwa tarakimu.

Ada haitoshi, na katika shule nyingi za Kanisa haikupangwa itoshe. Shule ikitoza gharama kamili ya kumsomesha mtoto mmoja, watoto wengi iliyoanzishwa kwa ajili yao watabaki nje ya geti. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la tarehe 28 Oktoba 1965, liliagiza kwamba shule za Kanisa ziwajali kwa namna ya pekee walio maskini wa mali, waliokosa msaada na upendo wa familia, na wasio na imani. Kwa hiyo ada inashushwa, linabaki pengo, na pengo hilo lazima mtu alizibe.

Zamani lilizibwa na watawa. Masista na mabruda walifundisha kutwa nzima, wakaishi jumuiyani kwa posho ndogo, na mishahara waliyoiacha ndiyo ikawa mchango mkubwa kuliko wote, ingawa hakuna aliyeuandika kwenye daftari. Huko Marekani, mwaka 1920, zaidi ya asilimia 90 ya waliofanya kazi ya elimu katika shule za Kikatoliki walikuwa watawa na mapadre. Leo hawafiki asilimia 5. Nafasi zao wamezishika walei wenye kodi za nyumba na watoto wa kusomesha, na Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1286, inamtaka msimamizi wa mali awalipe wafanyakazi ujira wa haki unaotosha mahitaji yao na ya familia zao. Mzazi anayekumbuka kwamba enzi zake shule ilikuwa rahisi anasema kweli. Ila urahisi ule kuna mtu aliulipia.

Basi kabla hujaamua utoe kiasi gani, jua kwanza serikali inalipa nini. Hapo nchi zinatofautiana sana. Nchini Uingereza, kwa shule nyingi za Kikatoliki za mfumo wa umma, serikali inagharamia mishahara na uendeshaji, lakini bodi ya shule kwa kawaida hutafuta asilimia 10 ya gharama za ujenzi na ukarabati mkubwa. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1959, serikali inawalipa walimu wa shule binafsi zenye mkataba nayo, huku familia zikichangia majengo na malezi ya dini. Na kuna nchi ambako serikali haitoi chochote, na kila kitu kuanzia chaki hadi mshahara wa mlinzi kinategemea ada na michango. Mzazi wa shule ya aina ya kwanza na mzazi wa shule ya aina ya mwisho hawaombwi kitu kimoja, hata kama barua zao zinafanana neno kwa neno.

Sasa ushauri wenyewe. Toa kidogo, toa kila mwezi, na usikifunge kwa masharti.

Najua linavutia zaidi kutoa kwa mkupuo, na kwa kitu kinachoonekana. Lakini mkuu wa shule hapangi bajeti kwa matumaini. Anahitaji kujua mwezi wa pili na wa nane zitaingia ngapi, ndipo aamue kama ataajiri mwalimu wa fizikia au wanafunzi waendelee kugawana mmoja na kidato kingine. Familia 200 zinazotoa kiasi kidogo bila kukosa zinampa uhakika huo. Mfadhili mmoja mkubwa anaweza kuhama mwakani, au akakasirika kwa sababu mwanawe hakuchaguliwa kiranja. (Msicheke, hutokea.)

Kuhusu masharti, wazazi wengi hawajui uzito wake. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani haiwezi kutumika ila kwa lengo hilo. Ukiandika kwamba pesa yako ni ya kinanda cha kanisa dogo la shule, basi ni ya kinanda, hata kama paa la bweni linavuja na fundi anadai malipo. Nimeona akaunti ya shule yenye fedha nzuri tu, na shule yenyewe imekopa kulipa umeme, kwa sababu karibu kila shilingi iliyokuwemo ilikuwa na jina la kitu kingine. Kama kuna jambo linalokugusa moyoni, maabara au kumsomesha yatima, lichangie, ila kwanza muulize mhasibu kama kweli lipo kwenye mpango wa mwaka huo. Kinachobaki kiandike "matumizi ya jumla". Halina mvuto, hakuna atakayelipigia picha, lakini ndilo linalonunua kemikali za maabara na kuzibua mabomba.

Uliza pia habari za kodi. Katika nchi kadhaa mchango kwa taasisi ya hisani una nafuu ya kodi na ada haina, ndiyo maana risiti zake zinapaswa kutenganishwa. Uingereza, kwa mfano, mlipa kodi anapotoa pauni 1 chini ya mpango wa Gift Aid, taasisi ya hisani hudai serikalini pensi 25 za ziada. Fomu ni ya ukurasa mmoja, na wapo wazazi wanaochangia miaka yote bila kuijaza.

Baada ya kutoa, dai hesabu. Hapa baadhi ya Wakatoliki tunaona haya, kana kwamba kumuuliza sista au padre habari za fedha ni utovu wa adabu. Si hivyo. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali walizozitoa, na ya 1284 inadai vitabu vilivyopangwa vizuri na taarifa kila mwisho wa mwaka. Unachohitaji ni karatasi moja: ada iliyoingia, michango iliyoingia, mishahara, matengenezo, misaada kwa wanafunzi wasiojiweza, na deni. Mfuko wa wasiojiweza uwe na mstari wake peke yake, kwa idadi ya watoto bila majina. Shule moja ninayoifahamu ilizoea kutoa shukrani ndefu na nzuri bila tarakimu hata moja. Michango ikapungua mwaka hadi mwaka, na uongozi ukalaumu ubinafsi wa wazazi wa siku hizi. Alipokuja mhasibu mpya akaanza kubandika karatasi ile kwenye ubao wa matangazo, michango ikapanda, wala hakuna aliyehubiriwa.

Kuna mpaka ambao kwangu haujadiliwi. Mchango ni hiari. Mtoto asijue nani katoa na nani hakutoa, asizuiwe kufanya mtihani, asinyimwe cheti, asisomewe jina mstarini. Siku hayo yakitokea, ule si mchango tena, ni ada iliyofichwa, na mzazi aandike barua kwa bodi ya shule, kisha kwa ofisi ya elimu ya jimbo ikibidi. Hata orodha ya shukrani yenye viwango vya pesa mimi naipinga. Wanaoitetea husema inahamasisha. Huenda, lakini shule inayowafundisha watoto Injili ya Mathayo, kwamba utoapo sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, itawaelezaje lile bango la majina pale mapokezini?

Asiye na pesa si kwamba hana cha kutoa. Mzazi mkaguzi wa hesabu akijitolea siku mbili kupitia vitabu, shule imeokoa fedha nyingi. Mwanasheria akisoma mkataba wa ujenzi kabla haujasainiwa, vilevile. Ila kazi ya kujitolea isipokelewe kwa sababu tu ni ya bure. Nyaya za umeme zikaguliwe na mwenye leseni, hata kama aliyezifunga ni baba wa mwanafunzi na mwanakwaya hodari.

Lililobaki ni siku mtoto wa mwisho anapomaliza. Familia nyingi hukata mchango mwezi huohuo, na shule hupoteza kwa pamoja kundi zima la watoaji wazoefu. Mimi nimepunguza hadi nusu na kuiacha iendelee. Wahitimu wakianza kazi waombwe mapema, hata kiasi cha nauli ya siku moja, kwa kuwa mtu akikaa miaka ishirini bila kuulizwa kitu, barua ya kwanza ya kuombwa pesa huwa inamkera. Nasi tunaoandika wosia tunaweza kuiachia shule sehemu ndogo. Fedha za namna hiyo mara nyingi huwekwa kwenye mfuko wa kudumu, mtaji usiguswe na faida yake ilipie ada za wasiojiweza. Kabla ya kuandika jina la shule kwenye wosia, mwombe mhasibu jina kamili la mwenye akaunti kisheria, kwani mara nyingi mmiliki ni jimbo au shirika la watawa, na wosia ukikosea hapo warithi huishia mahakamani.