Kabla hujasema "hiyo ni GMO": nilichojifunza kwenye michikichi ya baba mdogo

Mwaka 2019 baba mdogo alirudi Simbo na miche 40 ya michikichi aina ya tenera, nami nikamkataza kuipanda. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye niliyesoma, tena ndiye ninayeuza mafuta na mashudu hapa Mwanga, mjini Kigoma, kwa hiyo neno langu lilikuwa na uzito. Nilikuwa nimesikiliza sauti iliyozungushwa WhatsApp ikidai kwamba michikichi ya kisasa ni GMO, yaani mimea iliyobadilishwa jeni, na inaleta ugumba. Baba mdogo akanisikiliza. Miche akampa jirani.

Jirani sasa anakata mikungu. Baba mdogo bado anakamua ngazi, yaani matunda, za michikichi aliyoachiwa na babu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Jibu lilikuwa linahitaji kisu tu. Chukua ngazi moja ya mchikichi wa kienyeji, ambayo mingi ni ya aina ya dura, uikate katikati. Utaona nyama kidogo ya rangi ya machungwa, halafu gamba nene linalokaribia kuvunja kisu, halafu mise, yaani kiini, ndani. Kata na ya tenera uweke kando yake. Nyama imejaa, gamba ni jembamba, na ukitazama vizuri utaona vidoti vyeusi vimelizunguka gamba kama pete. Hizo ni nyuzi. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, mchikichi ambao kokwa lake halina gamba. Wataalamu waliokuwa Yangambi, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, walieleza urithi huo mwaka 1941, miaka mingi kabla mtu yeyote hajajua kuhamisha jeni. Ni chavua ya mti mmoja kupakwa kwenye ua la mti mwingine. Chotara, kama mahindi chotara.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaourudia kila siku dukani: chotara siyo GMO. GMO ni mmea ulioingiziwa jeni, au uliobadilishwa jeni zake, maabara. Hakuna nchi inayolima kibiashara mchikichi wa GMO, wala alizeti ya GMO. Mazao ya mafuta yaliyokwisha kuingia mashambani kwa njia hiyo ni hasa soya, pamba na kanola. Hapa Tanzania hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima. Jirani zetu Kenya waliidhinisha pamba ya namna hiyo Desemba 2019.

Ukishaondoa chotara kwenye hesabu, unabaki na swali lenyewe: soya au pamba iliyobadilishwa ni salama? Nami siku hizi silijibu kwa neno moja. Nauliza kwanza: wameingiza nini, na mimi nitakula sehemu gani?

Wameingiza nini? Kuna kisa ninachowasimulia wateja. Kampuni moja ya mbegu Marekani ilitaka soya yenye methionini nyingi (kirutubisho kimojawapo cha protini) kwa ajili ya chakula cha mifugo, ikachukua jeni kutoka kwenye njugu ya Brazili. Njugu hiyo inajulikana kuwadhuru watu wenye mzio. Watafiti wakachukua damu ya watu 9 wenye mzio huo wakaipima na protini ya soya mpya. Damu ya 8 kati yao iliitambua kama ileile ya njugu inayowadhuru. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na soya ile haikufika sokoni. Kuna anayekisikia kisa hiki akasema, "Unaona, ni sumu!" Mimi naona kipimo kilichofanya kazi yake. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2003 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliyo chini ya FAO na WHO, unataka kila mbegu ichunguzwe peke yake: jeni imetoka wapi, protini yake inafanana na protini zinazoleta mzio, inasagika tumboni au inabaki. Kisha mmea mpya unalinganishwa na mzazi wake, mafuta kwa mafuta, vitamini kwa vitamini, na sumu za asili pia. Pamba, kwa mfano, ina gosipoli tangu enzi na enzi, bila maabara yoyote. Wafugaji wa Nzega na Igunga wanaolisha mashudu ya pamba wanajua kwamba hayapewi mnyama yeyote tu kwa kiasi chochote.

Unakula sehemu gani? Hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Jeni mpya kwa kawaida inatengeneza protini, na mafuta yaliyosafishwa kiwandani yamebaki karibu bila protini kabisa. Chupa ya mafuta safi ya soya na gunia la mashudu ya soya hiyohiyo ni vitu viwili tofauti. Lakini sisi tunapenda mafuta ya kukamua, yale yenye harufu yake, na hayo hubaki na masalia ya mbegu. Mtu mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika na mafuta ya karanga yasiyosafishwa huku yaliyosafishwa yasimfanye lolote. Nikifikiria usalama, jicho langu linakwenda zaidi kwenye unga wa lishe wenye soya tunaowakorogea watoto uji, kwa sababu pale mtoto anakula mbegu nzima na protini yake yote.

Dawa ya magugu ni suala jingine, na naomba lisichanganywe na hili. Soya nyingi ya GMO ilitengenezwa ivumilie dawa kama glifosati. Masalia ya dawa yapimwe kama masalia ya dawa, kwenye soya yoyote, hata kwenye mboga tunazonunua asubuhi.

Na wakati tunabishana GMO, karanga zilizoota ukungu zinauzwa kwa bei ya chini na watu wanazisaga. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Karanga zenye ukungu mimi nazirudisha kwa aliyezileta, hata akinuna.

Neno la mwisho ni kwa wenye michikichi. Msiokote kokwa za tenera ya jirani mkaotesha. Tenera ikichavushwa na tenera, katika miche minne inayotoka hapo, kwa wastani mmoja utarudi dura, miwili itakuwa tenera, na mmoja pisifera, ambayo mara nyingi haizai matunda ya maana. Utajua baada ya miaka mitatu au minne, shamba likiwa limeshachukuliwa. Nendeni TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, mkaulize miche.

Mwezi uliopita nilikwenda Simbo na ngazi mbili mfukoni, nikazikata mbele ya baba mdogo kwenye benchi la nje, nikamwomba radhi. Akaishika ile nusu ya tenera, akaigeuzageuza juani, akakwangua nyama kwa ukucha. Akaniuliza Kihinga wanafungua saa ngapi. Mashimo ameshachimba, mita 9 kwa 9, anasubiri mvua.