Zulia la tandiko la Mongolia: mnyama mtazame mwisho

Nilipoishi Beijing, soko la Panjiayuan lilinivuta kila nilipopata nafasi, hasa kwa mazulia madogo ya kuweka chini ya tandiko la farasi. Wauzaji huyaita ya Mongolia, ila mengi yalifumwa Ningxia na Baotou, kaskazini mwa China, ambako wafumaji waliwahudumia wateja wapanda farasi. Muulize muuzaji lilifumwa wapi hasa.

Wanyama wanapendeza mno, na mtu akishampenda kulungu haoni tena kasoro. Kwa hiyo geuza zulia kwanza. Mengi ya zamani ni vipande viwili vilivyoshonwa katikati, juu ya uti wa mgongo wa farasi. Kwa ufumaji huo sufu hulala kuelekea chini pande zote mbili, na mnyama husimama wima kila ubavu. Pitisha kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Pande zote ziwe laini. Ukikwaruzwa upande mmoja, jua ni kipande kimoja, au kimeungwa vibaya.

Kisha tazama palipochakaa. Tandiko husugua pale lilipokaa, na matundu ya kupitishia mikanda ya tandiko huzungushiwa ngozi au kitambaa kilichozeeka pamoja na zulia. Tundu lenye ukingo mpya katikati ya sufu nzima lilikatwa juzi ili mkeka wa kiti uuzwe kwa bei ya tandiko. Papasa pia rangi nyeusi na kahawia iliyokolea: rangi za zamani zenye chuma hula sufu, hivyo sehemu hizo huzama kidogo. Maliza kwa kitambaa cheupe chenye maji, ukisugue pembeni uone kama rangi inatoka.

Sasa wasome wanyama. Kulungu na korongo humtakia mpanda farasi maisha marefu. Popo, anayeogopwa na wengi kwetu, kule ni heri, maana jina lake kwa Kichina linalingana kwa sauti na baraka. Wakiwa watano ni baraka tano: umri, mali, afya, wema na kifo cha amani. Ukiona milia ya simbamarara, uliza kama zulia lilifumwa Tibet.

Mimi huchagua lililosuguliwa na miguu ya mpandaji kuliko lililokaa sandukuni. Ukilipata, tafadhali usizibe matundu ya mikanda, na usimpe fundi wa mazulia ya kawaida alioshe kwa sabuni kali.