Mtoto akipata mfadhili, asiishie kuwa "ana mzungu wake"

Juzi jirani yangu hapa Makorora, Tanga, alinijia mbio, mtandio umemwanguka begani, kuniambia kuwa mwanawe wa darasa la tatu amepata mfadhili. Nilimkumbatia, nikafurahi naye kwelikweli. Halafu nikamsogezea mbuzi ya kukunia nazi akae, maana kigoda kilikuwa na beseni la unga, nikamwambia, "Shoga, sasa tuzungumze."

Mimi nachoma vitumbua. Mwanangu wa pili, wa kike, aliingizwa kwenye mpango wa ufadhili mwaka 2014 akiwa darasa la nne. Baba yake wakati ule alikuwa mchuuzi wa samaki, anatoka soko la samaki la Deep Sea alfajiri na tenga nyuma ya baiskeli. Bahari ikichafuka siku tatu, na sisi ndani tunachafukwa siku tatu. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa akadhani nadharau msaada. Sare ile ya kwanza niliinusa kabla sijamvalisha.

Lakini hakuna aliyenieleza mambo yanavyokwenda, nikajifunza kwa kujikwaa. Kwanza ujue fedha haziji mkononi mwako. Mtu aliyeko nje anatoa kiasi fulani kila mwezi, kinapita kwenye shirika, shirika linaleta kwenye kituo chake cha huku mtaani, kituo ndicho kinachonunua viatu, madaftari na dawa. Njiani hapo wapo wanaolipwa mishahara, na iko gari inayotiwa mafuta. Mipango mingine humwekea kila mtoto fungu lake, mingine hutia zote kapu moja ikahudumia darasa au mtaa mzima, hata kama picha aliyonayo mfadhili ni ya mwanao peke yake. Uliza wenu ni upi. Mimi sikuuliza, nikakaa mwaka mzima nikidhani kuna pesa za mwanangu zinaliwa.

Uliza pia habari ya dini, na uulize mapema, bila kuona haya. Kituo chetu kilikuwa na vipindi vya Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi mwanangu alikuwa anakwenda chuoni kusoma Kurani. Nilipouliza, yule dada wa kituoni alinijibu vizuri tu: wenye chuo waje saa nane. Wenzangu wawili waliogopa kuuliza, wakawatoa watoto wao kimyakimya.

Sasa nije kwenye lililoniuma.

Januari ya mwaka uliofuata nilimwambia baba yake mtoto anahitaji mkebe wa hesabu na hela ya uji wa shule. Alikuwa amechutama anajaza upepo tairi. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Si ana mzungu wake?" Alisema kwa kucheka, na mimi nikacheka. Baada ya wiki mjomba wake, ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa hakosi kuleta sabuni mche mmoja na sukari, alipita mikono mitupu: "Dada, wewe sasa umeshapata wazungu." Shuleni nako kulipotakiwa mchango wa karatasi za mitihani, macho yote ya kikao yaligeukia kwangu. Kufika Juni nilikaa nikahesabu. Kabla ya ufadhili mtoto alikuwa na mikono mitano inayomshika. Baada ya ufadhili ulibaki wangu, na mwingine wa mbali sana ambao haujui bei ya sabuni Makorora.

Basi nilifanya jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza, nikaandika nyuma kwa peni ya mwanangu. Upande mmoja, vinavyotoka kituoni: sare moja kwa mwaka, viatu, madaftari, matibabu, chakula cha Jumamosi. Upande wa pili, visivyotoka: sabuni, mafuta ya taa, uji, mkebe, taulo za kike zitakapohitajika, nauli ya daladala akifika sekondari, masomo ya ziada. Upande wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza. Nikawaita baba yake na mjomba, nikawawekea chai na vitumbua, nikawasomea. Sikulaumu mtu. Mjomba alichukua sabuni bila neno. Baba yake aliisoma ile karatasi mara mbili, akasema, "Kumbe." Tangu siku ile mafuta ya taa na uji vilikuwa vyake.

Watu hupenda kuuliza, siku hizi elimu si bure, ufadhili wa nini? Ni kweli ada ilifutwa Januari 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 serikali ikaifuta ya kidato cha tano na sita. Ila sekondari ya kutwa ada yake ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Nakwambia mimi niliyepeleka mtoto kidato cha kwanza 2018: sketi mbili, mashati, sweta, viatu, begi, madaftari makubwa, jembe na fagio vilikuwa mara kadhaa ya hizo. Mtoto hakai nyumbani kwa ada tu. Anakaa kwa kiatu kilichofunguka mdomo, na kwa aibu.

Kuhusu ndugu zake, hapa nakuomba uwe na jicho. Usiku mmoja niliamka kwenda kuangalia unga kama umeumuka. Kaka yake, aliyemzidi miaka miwili, alikuwa amekaa chini karibu na mlango, kibatari mbele yake, amekanyaga visigino vya viatu vipya vya dada yake kwa sababu mguu haukuingia wote. Hakuwa anaiba. Alikuwa anavitazama tu miguuni mwake. Aliponiona akavivua haraka, akavifuta vumbi kwa fulana yake, akavirudisha pale pale, kushoto kushoto, kulia kulia. Hatukusemezana. Asubuhi nilikwenda mtumbani sokoni Mgandini kumtafutia vya kwake, ingawa pesa ile ilikuwa ya mafuta ya kukaangia. Mipango mingi huchukua mtoto mmoja katika nyumba, na hilo huwezi kulibadili. Lakini ile nafuu unayoipata kwa mmoja, ihamishie kwa hao wengine na waione ikihama. Waambie kabisa: hizi zilikuwa za sare ya dada yako, sasa ni zako.

Halafu kuna picha. Siku moja alikuja mtu na kamera, akamwambia mwanangu avue kandambili, aondoe kitenge kizuri nilichomfunga, asimame pale kwenye ukuta uliobomoka. Ukuta wenyewe haukuwa hata wetu. Nilikataa. Nilitetemeka, nikidhani watamfuta, lakini nikasema atapigwa picha akiwa na sare yake na viatu vyake, na mimi nitakuwepo. Wakapiga hivyo, na hawakumfuta. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na tangu 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kabla ya kutia dole gumba kwenye karatasi yoyote uliza picha na jina la mtoto vitawekwa wapi. Ukiona unasumbuliwa, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na mtu akikuomba hata shilingi elfu mbili "ya fomu" ili mwanao apate mfadhili, huyo ni tapeli, funga mlango.

Barua je? Kituoni watoto walikuwa wanaandikishwa kwa pamoja, na zote zilifanana: mimi sijambo, nashukuru kwa zawadi, naipenda shule. Mwanangu aliandika hivyo mara tatu, majibu yakaja mafupi ya heshima. Mara ya nne nikamwambia aandikie nyumbani, anachotaka. Akaandika kuwa paka wetu amezalia ndani ya chuma changu cha vitumbua, kile kikubwa cha sikukuu, na mama amekataa kumtoa, kwa hiyo tumekosa oda ya Idi. Yule bibi wa huko nje alijibu kurasa mbili! Alitaka majina ya paka wote. Toka hapo wakawa wanajuana hasa, siyo kushukuriana tu. Mwaka mmoja alituma kadi ya miti iliyofunikwa theluji, na mdogo wao akauliza kama huko ndiko inakotoka chumvi. Ila jambo moja tu: msimfundishe mtoto kuomba kwenye barua. Simu, baiskeli, kujengewa nyumba, nimeyaona yakiandikwa kwa mkono wa mtoto na akili ya mtu mzima. Mfadhili haraka huyatambua.

Na ujue kuwa kuna siku itaisha. Mtu anastaafu, anaugua, anafukuzwa kazi, anafariki. Mimi nilipoacha kununua sare nilikuwa natoa shilingi 5,000 kila mwezi naziingiza kwenye hisa za kikundi chetu cha akina mama, kile chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Baba yake hakujua mpaka siku ya kugawana. Karatasi nazo nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo: cheti cha kuzaliwa, barua ya kuingia kwenye mpango, barua ya kutoka. Zilikuja kufaa mwaka 2024 mwanangu alipoomba mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo huuliza kama mwombaji alisomeshwa sekondari na mfadhili, na hutaka uthibitisho. Cheti cha kuzaliwa nacho lazima kihakikiwe na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Mwenzangu ambaye kituo cha mwanawe kilikwishafungwa alizunguka wiki tatu akitafuta mtu wa kumwandikia barua hiyo moja.

Kwetu iliisha 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya corona, na zilipofunguliwa mwisho wa Juni dada wa kituoni aliniita akaniambia yule bibi hawezi kuendelea. Mwanangu alikuwa kidato cha tatu. Nikamwomba asimwambie yeye, nitamwambia mwenyewe. Nilingoja Ijumaa jioni, tukakaa uani tunachambua mchele wa vitumbua. Nikamwambia bila kuzunguka. Alichambua kimya, akatoa kokoto mbili tatu, halafu akauliza, "Mama, barua ya mwisho niliandika vibaya?"

Ndiyo maana nawaambia wenzangu, habari hiyo mtoto aisikie kwako, na uwe na jibu. Nilimweleza kuwa bibi yule ni mzee, na nchini kwao watu wanakufa na kazi zimefungwa, hakuna kosa la mtu. Pesa za hisa zilimnunulia sare ya mwaka uliofuata. Nauli ya daladala aliichukua kaka yake, aliyekuwa ameanza kuendesha bajaji ya watu kama deiwaka, yaani kibarua wa kutwa; kila asubuhi aliiweka juu ya redio, sarafu juu ya sarafu, hata siku ambazo hawakuwa wakisemezana.

Kituo kilimruhusu kuandika barua moja ya kuaga. Ilijaa ukurasa mmoja na nusu, na ile nusu yote ilikuwa habari za paka.