Mgonjwa wa kisukari akihema usiku, usisingizie baridi

Dada mmoja wa Makambako ameniandikia: baba yake ana kisukari cha siku nyingi, sasa miguu inavimba, usiku anakohoa, na ndugu wanasema ni baridi tu. Dada yangu, maneno hayo nayajua. Nusura yaniondolee mama.

Mama anaishi Uyole, na Uyole ya Julai kila anayekohoa huambiwa ana baridi. Alianza kwa kuongeza mto. Ukaja wa pili, mwisho akawa analala amekaa kwenye kochi, maana akijinyoosha pumzi inakata. Zahanati tuliyoanzia walimpa dawa ya kikohozi, tuliporudi wakampa ya nimonia. Hakuna aliyemvua soksi! Mpaka leo linaniuma. Jioni moja namkanda miguu, nikabonyeza kidole gumba kwenye muundi, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Kulipokucha tulikuwa hospitali kubwa mjini.

Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha moyo umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, maji yamejaa mapafuni na miguuni. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya moyo na msuli wake, na presha huongezea. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mwanamke mwenye kisukari yumo hatarini kupata moyo kushindwa namna hii karibu mara tano ya asiye nacho, mwanamume mara mbili. Tena wengine hawasikii hata maumivu ya kifua, kwa kuwa sukari imeshaua hisia za neva.

Leo mama anakwenda sokoni Mwanjelwa kwa miguu yake, nami najivunia. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, anapanda mizani. Nunueni mizani jamani! Uzito ukiruka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji, mpelekeni hospitali. Punguzeni chumvi. Diklofenaki, dawa za maumivu za dukani mnazompa kwa ajili ya magoti, acheni, zinafanya maji yabaki mwilini. Kama anatumia pioglitazone, dawa nyingine ya sukari, daktari aambiwe mapema, nayo hujaza maji. Muulizeni pia kuhusu empagliflozin, dawa ya sukari inayousaidia na moyo. Na mizani, narudia, kila asubuhi. Vidonge vya kutoa maji msiviache eti kwa kuwa miguu imenywea; imenywea kwa sababu anavimeza.