Jibu: Kitambi, shingo na kukoroma
Mkuu, umesema mizani inakupa kilo za kawaida, ila una kitambi, unakoroma, na mchana unasinzia ofisini. Mizani isikudanganye, cha kuangalia ni mahali mafuta yalipokaa. Ya mapajani na makalioni hayasumbui sana usingizi. Ya shingoni na tumboni ndiyo yenye kesi.

Ukilala chali, nyama za koo zinalegea na mafuta ya shingo yanazidi kubana njia ya hewa. Kitambi nacho kinasukuma kifua kutokea chini, mapafu yanakosa nafasi ya kujaa. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, ubongo unakugutusha, unavuta hewa kwa kishindo, unalala tena bila kukumbuka lolote. Ikijirudia usiku kucha, asubuhi unaamka kama uliyebeba zege.

Azima futi kamba ya fundi cherehani upime shingo. Mwanaume akifika sentimita 43, mwanamke 41, amwone daktari, hasa akiwa na presha. Muulize na shemeji kama huwa unakata pumzi. (Wangu aliniambia, nikabisha mwezi mzima, mpaka niliposinzia kwenye usukani foleni ya Ubungo.)

Kwa sasa lala ubavu na uache bia za usiku. Watu wembamba nao hupatwa na tatizo hili la kukatika pumzi usingizini, taya likiwa dogo au tonsili kubwa, kwa hiyo usijitibu kwa kukisia. Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo, anzia hapo.